Mizimu Haina Kiu ya Kila Asubuhi

Mtaa wa Manundu,
Korogwe, Tanga.
8 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Valerian,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Korogwe, ambako mvua zimekata juzi tu na matope bado hayajakubali kuondoka. U hali gani? Mkeo Bernadina hajambo? Na wanafunzi wako wa darasa la nne bado wanakucheka ukichora ramani? Sisi wazima. Goti langu la kushoto hunisumbua nikipanda milima ya Bungu kufuata maharage ya kuuza, lakini nikiyapata mazuri linapona lenyewe.

Najua unashangaa kumwona kaka Mathias mlangoni bila taarifa, tena na barua mkononi kama tarishi. Mpe kwanza maji ya kuoga, safari ya Mpanda si ya mchezo. Nimeandika kwa sababu simu ungeikata. Ungeniambia mtandao unasumbua, kisha baada ya wiki ungenipigia kuniuliza habari za goti.

Jambo lenyewe nalisema mapema, usije ukalitafuta. Pasaka ulipokuja nilikuona. Asubuhi ulishika kikombe cha chai kwa mikono miwili, na bado chai ikamwagika kwenye kisahani. Ukasema unakwenda kununua vocha. Ukarudi unanukia peremende, mikono imetulia, unataniana na kila mtu. Kesho yake ikawa vilevile. Usimgombeze Bernadina, hajaniambia hata neno moja. Ni macho yangu haya yaliyoona, na yaliona upesi kwa sababu yalikwisha kuona hayohayo kwa Mathias. Nakupenda, Valerian, na naogopa. Habari ya Mathias wewe uliisikia nusu tu, kwa hiyo ngoja nikupe nzima.

Unaijua cherehani yake pale sokoni. Nusu ya sare za shule za mji huu zimepita mikononi mwake. Mwaka juzi nilianza kuona kwamba asubuhi hawezi kutunga uzi kwenye sindano mpaka atoke kidogo. Akirudi, anautunga mara moja. Mimi kwa akili zangu nikamshauri anunue miwani! Baadaye nikaona chupa ndogo kwenye droo ya cherehani, chini ya mabaki ya vitambaa. Chakula akawa anakigusagusa tu, na ukimuuliza ametoka wapi anawaka. Kila nikisema, jibu lake lilikuwa moja, kwamba anaweza kuacha siku yoyote akitaka.

Basi Kwaresima ya mwaka jana akataka. Jumatano ya Majivu alirudi kanisani ameapa hataigusa pombe mpaka Pasaka, tukampongeza sana. Siku ya pili akaanza kutetemeka mwili mzima, jasho linamtiririka, usingizi hakuna. Siku ya tatu anapangusa siafu ukutani, na ukuta hauna hata sisimizi mmoja. Mama alikuwa analia chumbani. Nikampigia Baba mkubwa Mhina kule Kwaluguru, Handeni, naye hakusita. Akasema huyo ni babu, kaburi lake halijafagiliwa tangu baba yetu afariki, na wazee wamekasirika. Tukambeba Mathias hadi Handeni.

Tambiko la kwetu unalijua. Baba mkubwa alilisimamia na kofia yake kichwani, yeye ambaye pombe hajaionja tangu azaliwe, anawamwagia wazee tu. Akamimina boha, ile pombe yetu ya miwa, pale kaburini, akawataja marehemu kwa majina, kisha mgonjwa akapewa kibuyu anywe pamoja na babu zake. Mathias aligugumia kama ng'ombe aliyetoka malishoni. Haukupita muda mikono ikatulia na siafu wakatoweka. Vigelegele vilisikika hadi barabarani. Jioni alikula ugali akalala.

Asubuhi akaamka anatetemeka. Akapewa boha, akatulia. Kesho yake tena. Nikiwa nachochea moto jikoni nikajiuliza, mizimu gani hii inayoamka na kiu kila asubuhi? Nikamkumbuka kwenye cherehani yake, na ule uzi unaotungika akitoka kidogo. Nikaelewa kwamba kilichomponya kaburini ndicho kilichokuwa kinamuumiza.

Nilimfuata Baba mkubwa, nikapiga goti hili hili bovu, nikamwamkia, nikamweleza yote. Niliogopa nimemkosea, maana tambiko lilikuwa lake. Lakini akasema, "Edna mwanangu, wazee wetu hunywa mara moja kwa mwaka, tena wakiombwa. Huyu anayedai kila kukicha mimi simjui. Mpelekeni hospitali." Akaingia ndani kuchukua bakora, akatoka nasi.

Tukamrudisha Korogwe, na hospitalini hapa kulikuwa na benchi la kusubiri linalotazama njia. Kila anayekwenda sokoni anakuona. Mathias akagoma palepale, hakubali wateja wake wamkute amekaa kwa wagonjwa wa pombe. Tulimbembeleza, wapi! Baba mkubwa hakubishana naye. Alikwenda akakaa yeye kwanza, katikati ya benchi, akaegemea bakora yake. Kila mpita njia aliyempa shikamoo alimjibu kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya pili, "Marahaba! Mimi ndiye mgonjwa, huyu kijana wangu kanisindikiza." Mathias akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake kwa miezi mingi. Akaenda akakaa.

Muuguzi Maryamu aliyempokea hakumhubiria wala hakumkaripia. Alimuuliza anaamkaje, anakula nini, akikosa pombe mwili unafanyaje. Alitueleza kwamba huu ni ugonjwa, una dalili zake na tiba yake, na kwamba mwili uliozoea pombe nyingi ukinyimwa ghafla unaweza kutetemeka, kuona visivyokuwepo, kupata degedege, hata kufa. Kumbe ile Kwaresima ingeweza kutuzikisha mtu. Wakamlaza, wakampa dawa, na alipopata nafuu akaanza kuhudhuria ushauri kila wiki.

Kwa hiyo hapa nisikilize vizuri. Usije ukamaliza kusoma ukamwaga chupa zako kwa ushujaa. Usiache ghafla ukiwa peke yako. Nenda kwanza wakupime, wao ndio watakaokuambia uache vipi.

Sikudanganyi kwamba ulikuwa mteremko. Mwezi wa kumi alianguka tena, kwenye msiba wa rafiki yake pale Mombo. Nilikasirika nikataka kumtukana, lakini asubuhi yake nilimkuta kwenye lile benchi, amekwenda mwenyewe bila kuvutwa na mtu. Tangu siku hiyo sijamwona akiigusa. Sasa anatunga uzi huku anapiga soga na mteja, sindano haiangalii. Anajishaua mno, lakini namwachia.

Wewe ni mwalimu, utaniambia hujafika alikofika yeye. Pengine ni kweli. Wa kupima hilo si mimi, na si wewe pia. Wapo waliolisomea. Muuguzi Maryamu amesema hapo Mpanda uulizie hospitalini wanaohudumia afya ya akili, nao watajua pa kuanzia. Usingoje shule zifunguliwe. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nguo nyeusi sina, wala sitaki Mathias anishonee.

Wala usidhani umetuaibisha. Wewe ni mtoto wetu yuleyule. Tumemtoa mmoja na njia tunaijua, nawe utatoka, sina shaka hata chembe.

Mama anakusalimu, anasema kitanda chako kipo. Baba mkubwa Mhina anakuombea dua kila swala, mimi nakuombea kwa rozari, kwa hiyo Mungu anasikia jina lako kwa milango miwili. Mbusu Bernadina kwa niaba yangu na umwambie ukweli leo. Mola akulinde na akupe moyo wa kuinuka.

Mathias amefunga kibanda kwa ajili yako, na hana haraka ya kurudi. Kesho asubuhi mtakwenda wote hospitalini. Benchi la huko silijui, lakini atakaa yeye kwanza. Watu wakipita, atawaambia mgonjwa ni yeye na wewe umemsindikiza tu, na hatakuwa amesema uongo.

Dada yako akupendaye hata ukininunia,
Edna