Mlango wa Upepo Umeniponza

Mshauri wangu mpendwa, unaandikiwa na mtu aliyechanganyikiwa, tena mwenye mvi, kwa hiyo nisaidie lakini usinicheke sana. Mke wangu Kellen ana mashine ya kusaga mahindi ya posho hapa Munkunyu, aliinunua kwa pesa za kahawa yake mwenyewe, na alipokwenda Kasese kumuuguza dada yake aliniachia mimi, ambaye hata baiskeli hunishinda. Siku ya tatu injini ikaanza kukohoa moshi mweusi, nikampigia Tsongo, fundi wetu wa Bwera aliyejifunzia kazi Kongo, akaniambia, "Muzee, iko nakosa mupepo. Fungua mulango ya mupepo, usafishe." Basi nikafungua milango yote miwili ya nyumba ya mashine, na madirisha, nikafagia, upepo ukaingia ukarusha unga hadi wateja wakatoka weupe nyusi na kope, na injini ikazidi kukohoa. Nilipompigia tena alicheka mpaka simu ikakatika, ndipo akanieleza kuwa ni kile kikopo kando ya injini, chenye filta ya hewa ndani. Nikaitoa nikaiosha kwa sabuni, kama watu wa bodaboda wanavyoosha za pikipiki zao, kumbe yangu ni ya karatasi, ikalegea kama chapati iliyomwagikiwa chai. Nikaificha, nikawasha injini bila filta, na mshauri, iliimba. Kellen aliporudi akauliza nani ameitengeneza, nikasema mimi. Sasa ananiita Injinia mbele ya wateja, lakini injini inatoa moshi wa bluu na inakunywa oili, naye anasema Abubaker, mwenye duka la vipuri, anamuuzia oili mbovu, Jumatatu atakwenda kumwaibisha dukani kwake. Niseme au ninyamaze? Na filta huoshwa au haioshwi?

Injinia wa uongo, Munkunyu

JIBU

Mzee wangu, pole, na nimecheka, nisamehe. Kosa la mlango si lako peke yako: fundi naye angeweza kusema "kikopo" tangu mwanzo. Lakini kosa la kuficha ni lako.

Zima injini hiyo sasa, usimalizie hata debe la mahindi lililobaki. Iliimba kwa sababu ilikuwa inavuta hewa bila kizuizi, pamoja na unga na vumbi lote la hapo, na vumbi hilo linakwaruza silinda. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Abubaker hana hatia. Mlete Tsongo aifungue aone imeumia kiasi gani, kisha umwage oili ya zamani, utie mpya.

Wale wa boda hawakukudanganya. Filta zao ni za sponji: huoshwa kwa maji ya sabuni, hukamuliwa bila kusokotwa, zikikauka hutiwa oili kidogo. Ya karatasi haioshwi, hugongwagongwa taratibu vumbi lianguke. Ikishakuwa nyeusi hununuliwa nyingine. Penye unga mwingi kama hapo kwenu, itazame kila asubuhi kabla ya kuwasha.

Kuhusu Kellen, unaniuliza jambo unalolijua. Mwambie leo, ukiwa umeishika ile karatasi iliyoharibika, wala usianze na habari za Tsongo. Atakasirika, na ni haki yake, injini ni yake. Jumatatu nendeni wote wawili kwa Abubaker mkanunue filta mpya. Kellen aifunge mwenyewe. Wewe shika skrubu, na usizipoteze.