Fiji ya Riyadh na Jina la Nahodha

Nekesa,

Usicheke. Wanataka barua kutoka kwako.

Ijumaa iliyopita nilifika ukumbini mapema na begi la mipira ya kikapu begani, nikamkuta Abla Hanan, yule Msudani wa kaunta uliyekuwa ukimletea mandazi, anatazama kompyuta na kutikisa kichwa. Timu yetu imefungiwa. Ikama ya nahodha, kile kibali cha ukaazi, haifanyi kazi tena, kwa hiyo timu nzima haiwezi kupewa saa ya kucheza. Nikamweleza kwa Kiarabu changu cha jikoni kwamba nahodha amefariki. Akasema Allah yarhamha, kwa moyo kabisa, kisha akasema basi mwenye jina alete barua ya kunikabidhi timu. Nikamwambia mwenye jina ndiye huyo aliyefariki. Akasema anaelewa, lakini kompyuta inataka barua. Tulizunguka hapo mimi na yeye mpaka nikapiga kaunta kwa kiganja, na wewe unakijua kiganja changu.

Kisha akaanza na jina la timu. Akashuka kwenye orodha kwa kidole: Kenya, Kenya, Uganda, Kenya, Kenya. "Mafi Fiji," akasema. Hakuna Fiji hata mmoja. Miaka miwili anatuona tumevaa jezi za buluu zilizoandikwa Fiji kifuani, kazi ya yule fundi wa Bangladesh kule Al-Dirah, na siku ya kuuliza akaichagua hiyo.

Wa kulaumiwa ni wewe. Mimi nilitaka tuitwe Simba, au Moto, jina la kumtia mtu baridi kabla mpira haujarushwa. Wewe ukaja na simu yako jikoni kwa madam wangu, wakati ule nyumba zetu zilipakana na tulikuwa tukipiga pasi pamoja asubuhi, ukanionyesha timu ya taifa ya wanawake ya Fiji. Wanawake wenye mabega yao, nywele zimesimama, nchi yenyewe kwenye ramani ni kama makombo ya mkate baharini. Filimbi ya mwisho inalia, wamefungwa, na badala ya kwenda kuvua viatu wanasimama duara katikati ya uwanja, wanashikana mikono, wanaimba. Sauti nyembamba na sauti nzito, kama kwaya. Ukalia juu ya shati la bosi ikabidi tulipige pasi upya. Nikakuuliza wanashangilia nini na wamefungwa. Ukaniambia, "Ai, Rukia, hawashangilii. Wanamaliza game vizuri tu."

Sikukuelewa. Mtu akinifunga mimi huwa nataka kuuma kitu.

Ukashikilia kwamba na sisi tuimbe. Tuimbe nini? Nusu yetu Waislamu, nusu Wakristo, na ukuta wa pili kuna darasa la watoto. Tulibishana wiki nzima. Mwishowe ukaamua: kila mtu wimbo wake, midomo imefumbwa, mpaka pumzi ikate. Mara ya kwanza ulitoka mvumo kama friji kumi zimewashwa pamoja, na Abla Hanan akaja mbio kuangalia kama mashine ya hewa imeharibika. Wasichana walicheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi yetu, tushinde tusishinde.

Isipokuwa mimi. Tukishinda nilisimama duara. Tukifungwa nilikwenda moja kwa moja kwenye jagi la maji na kuwapa mgongo. Hukunivuta hata siku moja. Ulikuwa unauacha mkono wako wa kushoto hewani, upande wangu, mpaka mvumo uishe. Nilikuwa nauona kwenye kioo cha mlango. Sikuwahi kukuambia kwamba nauona.

Sasa nisikuzungushe. Njia ya pili ipo, na Abla Hanan aliniambia mwenyewe, tena kwa upole. Tuifute timu, tuiandikishe upya kwa ikama yangu. Dakika tano, halas. Lakini tukifuta, na jina lako linaondoka. Nimepewa mpaka Ijumaa hii, la sivyo saa yetu wanapewa wale akina mama wa mazoezi ya mikeka. Wasichana wote wananiambia futa. Wanaona ni jambo dogo.

Si dogo. Nilipiga namba yako juzi, sijui nilikuwa nataka nini, akapokea mwanamume na kusema aiwa, na nyuma yake kulikuwa na mlio wa gari. Namba yako imeshapewa mtu. Kule Al-Nuzha, Jeddah, kitanda chako kimeshapewa msichana mwingine, Florence mwenzako wa kazi aliniambia, na ikama yako wameifunga. Kompyuta ya Abla Hanan ndiyo mahali pekee katika nchi hii ambapo bado umeandikwa, na mimi ndiye niweke kidole kukufuta? Sitaki. Wacha watunyime saa. Wacha jezi zikae kabatini.

Tena nina hasira na wewe pia. Familia ya bosi wako ilipohamia Jeddah ulisema utaendelea kuwa nahodha kwa simu, na kweli kila Alhamisi ulinitumia sauti: Atieno asimame wapi, nani asipige kutoka mbali, Rukia usimpigie refa kelele. Ile ya mwisho ulikuwa unahema. Nikakuuliza, ukasema umepanda ngazi na kikapu cha nguo. Siku nne tumbo linakuuma unasema ni gesi! Florence anasema alikusihi umwambie madam wako, naye angekupeleka hospitali saa ileile, hakuwa mtu mbaya. Ulikataa kwa sababu Ijumaa ulikuwa umeombewa ruhusa ya kukutana na wale Wakenya wa Jeddah, kuanzisha Fiji ya pili. Ulificha maumivu ili usinyimwe ruhusa. Nekesa, ruhusa ya kucheza mpira! Na mimi nilisikia pumzi yako ile, nikakubali mambo ya ngazi, nikarudi kumenya viazi. Hilo nalo silisahau.

Niliomba siku tatu nije Jeddah. Madam akasema wageni wakiondoka. Wageni walipoondoka, wewe ulikuwa umeshasafirishwa nyumbani ndani ya jeneza. Florence alinitumia jezi yako kwa basi, ameifua na kuipiga pasi. Alikuwa na nia njema, lakini nilitamani asingeifua.

Naacha hapa. Mtoto wa madam ameamka.

*

Nekesa, leo ni Jumamosi. Barua hii imekaa chini ya godoro siku sita, na nilikuwa nimeapa siongezi neno.

Atieno alinipigia Alhamisi. Unamjua hana breki. "Rukia, unatukalisha nje juu ya jina kwa computer? Neki angekuchapa. Mimi Friday ndiyo siku ya pekee nikiitwa jina langu, na hiyo siku unaichezea." Nikamkatia simu. Kisha nikakaa na hayo maneno yake, kwa sababu hata mimi hapa kwa madam naitwa "wewe", au "yalla". Uwanjani ndiko ninakoitwa Rukia, na aliyeanza kuniita kwa sauti kubwa kutoka upande wa pili wa uwanja ni wewe.

Basi jana nikaenda. Sikumsalimia Abla Hanan vizuri. Nilimwambia futa. Akaigeuza kompyuta nione kwanza. Jina lako lilikuwa juu kabisa, kwa herufi za Kiarabu, ambazo wewe mwenyewe hukuweza kuzisoma na kila mara ulikuwa unaniuliza una uhakika ni mimi huyo? Ni wewe. Nililisoma mara tatu, jina lako na la baba yako. Nikaweka kidole. Hakikulia kitu. Lilikuwepo, kisha halikuwepo, na pale juu pakatokea sura yangu ile mbaya ya kwenye ikama.

Akauliza timu mpya inaitwaje. Simba ilikuwa hapa kwenye ulimi, nakuapia. Nikasema Fiji. Akasema, "Ya Rabb, tena Fiji," akaandika.

Usifikiri mambo yakawa mazuri. Wafilipino walitufunga mpaka nikaacha kutazama ubao. Wafupi wale, lakini wanapita chini ya mkono kama paka. Niligombana na refa, nikakosa mipira miwili chini kabisa ya kikapu, ile ambayo ungeniangalia tu na kupiga makofi mawili. Filimbi ilipolia mimi nilikuwa nimeshafika kwenye jagi, mkono kwenye bomba, na sikusikia kitu nyuma yangu. Nilingoja mvumo. Haukuja.

Nikatazama kwenye kioo cha mlango. Walikuwa wamesimama duara, jasho linawatiririka, wote wananiangalia mgongo. Hakukuwa na mkono hewani. Hakuna aliyejua aanze nani, maana sikuzote ulianza wewe.

Nilikasirika zaidi, nikwambie kweli. Nilikukasirikia wewe kwa kunitwika hili, nikaweka glasi chini, nikaenda hivyohivyo na uso umenuna. Nikashika mkono wa Atieno. Nilikuwa nimepanga kuvumisha kasida ya chuoni kwetu Kisauni, ile tuliyokuwa tukiisoma tukiwa wadogo. Nikafumba mdomo, na kilichotoka ni ule wimbo wako wa kanisani, uliokuwa ukiuvumisha ukipiga pasi. Maneno yake siyajui hata moja. Mungu anajua nilikuwa namlilia nani. Wengine wakaingia mmojammoja, kila mtu na wake, na mkono wangu wa kushoto niliuacha hewani, upande wako, mpaka pumzi ikanikatika.

Jezi yako nimeitia kwenye begi la mipira, chini kabisa, na itakuwa inakuja kila Ijumaa. Wakenya wa Jeddah nimepata namba yao kwa Florence. Madam amesema baada ya Ramadhani atanipa siku mbili, na safari hii sitamngojea mgeni yeyote aondoke. Nitakwenda na mpira mmoja na kuwaambia jina la timu na aliyelileta.

Pumzika sasa, nahodha. Ijumaa ijayo tunarudiana na Wafilipino, na nakuahidi tutawafunga. Tusipowafunga, nitakuja duarani bila kupitia kwenye jagi.

Lakini tutawafunga.

Wako,
Rukia