Uso wa Baba

Ngao,
Tana River.

Kaka yangu mpendwa Buya,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, ila magoti ya Mama ndiyo yanamsumbua. Sauti yake iko vile vile, kuku wote wa Ngao wanaijua. Wewe, wifi na watoto mwaendeleaje huko Nakuru? Nakuandikia kwa sababu kwenye simu, ukisikia tu jina la Baba Mdogo Zadock, unakata. Karatasi haikatwi, kaka. Soma mpaka mwisho.

Unajua mafuriko yalibeba sanduku la picha, na marehemu Baba hatukubaki naye hata kwenye kitambulisho. Mama hulalamika kwamba nyumba mpya haina mwenyewe. Basi nikaenda Garsen kwa Abdikarim, yule anayechora ng'ombe kwenye kuta za mabucha, nikamwomba amchore Baba. Aliuliza picha iko wapi, nikamwambia iko kichwani mwangu. Alicheka, akasema haya, eleza.

Nikaeleza weee! Macho ya upole, paji pana, masharubu ya kiasi. Mama alipoiona ile picha akauliza huyu ni chifu wa wapi. Abdikarim hakukasirika. Alisema marehemu babake alipopotelewa na ng'ombe hakuhangaika na maneno, aliwaonyesha watu ng'ombe wa tumbo moja na yule aliyepotea. Tumletee mtu wa damu ya Baba akae mbele yake.

Nikakutaja wewe. Mama akakataa, akasema wewe ulichukua wajomba zako, pua na yote. Uso wa Baba umebaki kwa mtu mmoja tu. Hakumtaja, nami sikuuliza. Tangu matanga ya Baba, wewe naye mlipogombania shamba la kando ya mto, Baba Mdogo hajakanyaga kwetu.

Nilikwenda kwake. Nilimkuta akipalilia migomba, nikamweleza. Aliweka jembe chini, akasema nimngoje aoge. Huko Garsen alikaa kitini asubuhi nzima, kofia mkononi, machozi yanamtiririka, na Abdikarim akawa anamngoja atulie ndipo aendelee. Picha imetoka, kaka! Mama alimwita Baba kwa jina, kisha akamkaripia kwa kuchelewa. Tulicheka, tukalia.

Sasa sikiliza, na usinipandishie hasira. Siku ile kwenye migomba, Baba Mdogo aliniuliza nani amenituma. Nikasema ni wewe. Nikasema Buya amesema hakuna mwingine awezaye kukaa mahali pa baba yake. Uongo mtupu, nisamehe, lakini ndio uliomfanya aweke jembe chini.

Hataki picha itundikwe kabla hujafika. Anasema yeye ataishika na wewe utapiga msumari. Kila jioni hupita kuuliza umesema utakuja lini, na Mama humwekea chai. Nimeishiwa na majibu, kaka. Anazeeka, na nakupenda, nakuomba uje, uongo wangu uwe kweli.

Wabusu wifi na watoto kwa niaba yetu. Mama anakuombea kila siku. Baba Mdogo naye anakusalimu sana. Amekukaushia kambare, anauliza kama bado unapenda kichwa.

Ni mimi mdogo wako,
Christabel