Naandika Mapenzi ya Watu kwa Sukari, Mimi Nikapewa Keki Iliyoharibika

Mpendwa mshauri, naandika nikiwa jikoni kwangu hapa Kabiria, maana jikoni ndiko ninakoishi siku hizi, na naomba unijibu mapema kwa sababu mume wangu amesema mwezi huu ukiisha anaenda Naivasha kwa kazi ya kuchomelea vyuma na hajui atarudi lini, na vile alivyosema si vile mtu husema akienda kazini, ni vile mtu husema akienda zake.

Mume wangu anaitwa Were, ni mtu wa Butere, mimi kwetu ni Makueni, na tumeishi miaka mingi bila kurushiana maneno. Kazi yangu ni keki za vijiti, labda umeziona, ni vibonge vya keki vidogo kama ndimu, kila kimoja kimedungwa kijiti, kimechovywa kwenye chokoleti na kupambwa kwa mioyo na punje za sukari za rangi. Mwanamume anataka kumposa msichana, mwingine amekosana na mkewe, mwingine anakumbuka siku ya harusi yake, wote huja kwangu, na mimi ndiye huandika kwa sukari nakupenda Joyline, nisamehe Ndunge, mpaka macho yanauma, halafu napeleka mjini na kusimama nje ya jengo na boksi mikononi nikingoja mtu ashuke na lifti, na akishuka yeye ananukia marashi na mimi nanuka siagi.

Mwezi wa pili ndio huniua. Mwaka huu stima ilikuwa inapotea ovyo, chokoleti inaganda kwenye bakuli kabla sijamaliza kuchovya, na kibonge kikikaa sana kwenye friji halafu ukichovye kwa chokoleti ya moto, ile chokoleti ikikauka hupasuka, inapata ufa kama ukuta uliojengwa vibaya, na hiyo siwezi kumuuzia mtu. Zangu zilizopasuka huziweka kwenye kopo la bluu kando ya friji, hizo ndizo tunakula sisi wa nyumbani, na zikizidi naweka kwenye ndoo ya makombo ya jirani yangu Rael anayefuga kuku.

Were si mtu wa maneno, hiyo nilijua nikiolewa. Tulipojuana alikuwa na kibanda cha kuchomelea Kawangware na mimi nauza nguo mjini, na akija kuniona hakuwahi kuniletea ua hata moja, alikuwa analeta karanga za kukaanga kwenye karatasi ya gazeti, anazifikicha kwa kiganja, anapuliza maganda, halafu ananipa zikiwa safi, na wakati huo mimi niliona inatosha kabisa. Lakini sasa, mshauri, nimeona maua mengi sana ya wanawake wengine, na haitoshi tena, na hata hizo karanga aliacha kuleta sijui lini.

Siku hizi kazi imekuwa haba kwake, kwa hivyo yuko nyumbani, na badala ya kunisaidia ananisumbua. Mwezi wa pili ulipoanza alikuja kusimama nyuma yangu akauliza eti mafuta ya kulainisha chokoleti yanawekwa kabla iyeyuke au baadaye, nikamwambia kama anataka kujua atafute kwa simu, mimi niko na oda. Halafu siku nyingine nikarudi kutoka mjini nikapata chokoleti yangu nyeupe, ile nzuri, imepungua nusu, na bakuli limeachwa chafu, mtu ameingiza maji kwenye chokoleti ikashikana madonge kama ugali, nikauliza ni nani, Were akasema ni yeye, alitaka kujipikia chokoleti ya kunywa. Huyu ni mtu ambaye tangu nimjue hajawahi kunywa kitu kingine asubuhi ila chai ya maziwa. Nilimgombeza vibaya sana, akaosha bakuli.

Ikafika ile siku yenyewe ya wapendanao. Nilitoka nyumbani na maboksi asubuhi nikarudi jioni miguu imevimba, kila mahali mjini ni wanawake wamebeba maua mekundu, na mimi nimebeba maboksi matupu. Nikaketi kwenye stuli bila kuvua viatu. Were akatoka jikoni na lile kopo la bluu, kopo la zilizoharibika, mshauri, akalifungua mbele yangu akatoa moja, na hata kati ya zilizoharibika sijui aliitafuta wapi mbaya hivyo, ilikuwa imeteleza kwenye kijiti mpaka kijiti kimetokea juu, chokoleti nyeupe imejaa upande mmoja kama imepakwa na mtoto, ina alama ya kidole gumba, na juu imeshikwa na kitu kama vumbi la karanga, nadhani aliiangusha mahali, maana mimi karanga siweki kabisa, kuna wateja zinawadhuru. Akanipa akasema, "Shika, Maureen. Hii ni yako."

Mimi nikamwangalia. Nikamwambia, "Were, kwani hata mimi ni wa kupewa zile zimeharibika?" Nikainuka, nikafungua mlango, nikaitupa kwenye ndoo ya kuku mbele ya macho yake. Alisimama pale na kopo mkononi, halafu akasema, "Sawa. Hakuna shida." Tangu siku hiyo kila nikimwambia jambo anajibu sawa, analala kwenye kochi, chakula anakula nusu, na juzi ndipo akaleta hii habari ya Naivasha.

Mshauri, je, nimzuie au nimwache aende? Mimi nimechoka, hata kulia nimechoka. Nimewaza kuchukua oveni na mashine yangu nihamie kwa dada yangu Mutuini kabla yeye hajaondoka, ili asiwe ndiye ameniacha. Kazi yangu ni kuwaandikia watu wote mapenzi, na kwangu mume anaona ninafaa makombo. Nisaidie.

Maureen, Kabiria

MSHAURI EVERLYN ANAJIBU

Maureen, pole na kazi. Nasema pole kwanza kwa sababu baada ya hapa nitakugombeza.

Nikwambie ukweli, barua yako nilitaka kuijibu kwa mistari miwili. Mwezi huu meza yangu imejaa barua za wapendanao. Aliyeletewa maua alitaka simu, aliyeletewa simu anauliza mbona hakuletewa maua, na mimi nimewachoka wote. Nilipoona yako nikasema huyu naye ana mume mchoyo, nimwambie avumilie, nikanywe chai. Kisha nikarudi pale ulipotaja vumbi la karanga, na chai ikapoa.

Mimi sijui kuoka, nilikoishia ni mandazi. Kwa hivyo nilimpigia simu mwanamke wa Waithaka anayefanya kazi kama yako, nikamuuliza keki ikiteleza kwenye kijiti ni kwa nini. Alicheka. Akaniambia, "Huyo ni mtu anajifunza. Kijiti unakichovya kwa chokoleti kwanza ndio kishike, halafu unadunga. Hiyo makosa kila mtu hufanya siku ya kwanza."

Sasa niambie, Maureen, wewe uko siku ya ngapi?

Umeniandikia mwenyewe kwamba zako hupasuka. Hujasema popote kwamba huteleza, wala kwamba unaacha alama ya kidole gumba kwenye keki ya mtu. Karanga hutumii. Na katika nyumba hiyo kuna mwanamume aliyekuja kukuuliza habari ya mafuta ukamfukuza, akaenda akajaribu peke yake wewe ukiwa mjini, akaingiza maji kwenye chokoleti, akashikwa, na akajisingizia kikombe cha chokoleti ya kunywa ili usijue. Mtu wa chai ya maziwa! Wewe uliona kabisa kwamba huo ni uongo, ukauandika kwenye barua, na hukujiuliza anaficha nini.

Ile keki Were aliitengeneza yeye mwenyewe, kwa mikono ya kuchomelea vyuma. Na juu akaweka karanga, ambazo sina shaka alizifikicha na kuzipuliza maganda kama zamani. Wewe ukawapa kuku.

Keti kwanza, usianze kulia juu ya gazeti.

Sikulaumu peke yako. Were naye ana makosa yake, na kama Rael amempelekea gazeti hili asome, basi asome na hapa. Baba, zawadi haitolewi kwenye kopo la makombo. Najua ulitafuta mahali pa kuificha na hilo kopo likaonekana salama, lakini mwanamke aliyerudi na miguu imevimba ataonaje tofauti? Ungesema maneno mawili tu, nimetengeneza mimi, na sasa hivi hungekuwa unafunga begi la Naivasha. Kunyamaza kwako si upole. Kunyamaza huko kunamfanya mwenzako akisie, na mtu aliyechoka hukisia mabaya.

Narudi kwako, Maureen. Unasema umechoka, na nakuamini. Lakini uchovu wako umekufanya uwe unamtazama mume wako kama mtu aliyekuja kukubania nafasi jikoni. Alikuja kusimama nyuma yako akauliza swali. Mwanamume ambaye ulisema si mtu wa maneno alifungua mdomo, ukamjibu una oda. Wateja wako wanatuma ujumbe kwa simu wakiwa wameketi kwenye kiti cha kuzunguka, wewe unaunguza vidole, na wake zao wanapata keki isiyo na ufa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyechafua bakuli kwa ajili ya mtu. Umeyaonea wivu maua ya mjini wakati nyumbani kuna mtu anajificha ajifunze kazi yako.

Sasa fanya hivi. Siku utakayosoma jibu hili, oveni usiiwashe. Oda ambayo haijaanzwa, mpigie mteja umwambie hutaweza, na akikasirika mwache akasirike. Were akiingia, mwambie hujui kama atakubali lakini ulidhani ile keki ni moja ya zako zilizoharibika, na hukujua aliitengeneza yeye. Mwambie samahani. Usimwongezee kwamba ulikuwa umechoka, wala usimkumbushe habari ya kopo, hiyo nimeshamwambia mimi. Atakujibu sawa. Usiondoke. Keti hapo hapo kwenye kochi analolala, mpaka aseme neno lingine, hata kama litachukua muda.

Akishasema, mwombe akutengenezee nyingine. Mpe jikoni lako, bakuli lako na hiyo chokoleti nyeupe iliyobaki, kisha uketi kwenye stuli na mikono yako uikalie. Akisahau kuchovya kijiti usimwambie. Ikiteleza, iteleze. Ile chokoleti ikijaa upande mmoja, wewe kula kuanzia upande huo, mbele yake, na uimalize.

Kuhusu Naivasha, kama kazi ipo kweli na mmepungukiwa, mwache aende, lakini aende akiwa amekwambia siku ya kurudi. Mtu akipatana na mkewe hukumbuka siku ya kurudi bila kuulizwa. Na ile safari yako ya Mutuini iache kabisa. Dada yako ana mambo yake, na oveni ni nzito.

Mwaka ujao, mwezi wa pili ukifika, funga oda mapema, ile siku yenyewe usiwe mjini. Watu walipendana Nairobi hii kabla hujaanza kuoka, watajitafutia.

Leo jioni pitia kwa muuza karanga pale stejini, matatu zinaposimama. Chukua zilizo na maganda. Kufikicha na kupuliza, hiyo mwachie yeye.