Tumefika Ukerewe, Baba

Baba,

Tumekwenda Ukerewe na tumerudi salama. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, ungeruka salamu zote ukauliza kama tulifika. Tulifika sote: Mama, Bibi mama yako, wadogo zangu Minza na Masunga, na mimi Kabula wako. Shikamoo, Baba.

Unakumbuka safari hii ilivyoanza? Ulikuja likizo kutoka mgodini Geita, ukaketi uani, ukachora kisiwa ardhini kwa kijiti. Ulikuwa umekisikia kwa yule Mkerewe, mwenzako wa shimoni, mliyekuwa mkisimamisha naye magogo ya kuzuia mawe yasiwaangukie. Alikuambia kwao ukipanda juu ya mwamba unaona maji pande zote, na upepo hauishi. Ukasema mtu anayeshinda chini ya ardhi anastahili kupaona mahali kama hapo, tena na watu wake. Mama akauliza nani amekufa huko. Ulicheka mpaka ukakohoa.

"Watu wa kwetu husafiri kwa msiba, kwa harusi au kwa shauri la ng'ombe," ukasema. "Sisi tutasafiri kwa kupumzika."

Tangu siku ile kila likizo yako ikawa ya kupanga. Mama aandae matobolwa, maana viazi vilivyochemshwa na kuanikwa haviharibiki njiani. Minza abebe mkeka. Mimi niliyekuwa shuleni nisome majina ya vituo ili treni isitupitilize. Masunga alikuwa bado anabebwa mgongoni. Kazi yake, ulisema, ni kutolia. Wewe na Mama mlibishana jioni nzima juu ya jogoo wa kumpelekea mwenyeji, kama atavumilia mlio wa treni. Hata ulipolazwa hospitali ya Kolandoto, kifua kikikuzidi, ulimuuliza Mama kama mvua zimekatika, kwa kuwa ulisikia ziwa huchafuka wakati wa mvua.

Kisha ukanyamaza, Baba. Na sisi tukanyamaza. Baada ya matanga hakuna aliyelitaja neno kisiwa. Nilidhani tumekizika pamoja nawe.

Mwaka huu, pamba ilipokwisha kuuzwa, nikamkuta Mama anakata viazi. Vilikuwa vingi kupita vya kutuvusha kiangazi. Nikamuuliza vya nini. Akasema vya treni, akaendelea kukata.

Habari zikamfikia Baba Mdogo Luhende. Alikuja akaketi, akakataa maji. Nisimseme vibaya mdogo wako, alikuwa anailinda heshima ya nyumba yako. Alisema mjane haendi matembezi. "Watu watasema kaka alikuwa amekufunga kamba, na sasa imekatika."

Mama alikuwa amepiga magoti akipembua mtama. Hakuinua sauti. "Shemeji," akasema, "aliyenifunga kamba asingenionyesha njia ya kisiwani."

Baba, laiti ungemwona. Mimi nilikuwa mlangoni, nikaona fahari. Baba Mdogo akamgeukia Bibi, akitumaini mama yake atamuunga mkono. Bibi akasema kwa Kisukuma kwamba na yeye anakwenda, na wenye la kusema wamseme yeye. Hapo mambo yakaisha. Asubuhi Baba Mdogo akarudi, akasema ng'ombe wetu watalala bomani kwake mpaka turudi. Siku ya safari alifunga mizigo yetu kwenye baiskeli yake akaisukuma hadi stesheni ya Shinyanga. Na jogoo alimleta yeye.

Nilisoma kila kituo kwa sauti, ingawa abiria wote walikuwa wanashuka Mwanza. Jogoo alivumilia, ulishinda ule ubishi. Bandarini karani alimwona Bibi na fimbo yake, akaona vifurushi, akatupa pole na kutuuliza tumefiwa na nani. Nilitazama chini. Mama akamjibu, "Hatukufiwa safari hii. Tunakwenda kupumzika." Karani akamtazama, kisha akamsogezea Bibi kiti chake.

Mama, ambaye maji makubwa aliyoyajua ni ya lambo, alisimama mbele ya meli njia nzima. Alikuwa ameshika chuma kwa mikono miwili na midomo ikisali, lakini hakuketi. Nilipomsihi aingie ndani, alisema wewe ungesimama pale.

Mkerewe wako, niliyekuwa nimemwandikia barua, alitungoja bandarini Nansio. Alipotuona bila wewe alivua kofia. Kisha akamwita Bibi mama. Kwake tulikula wali na samaki mpaka Masunga akasinzia na sahani mapajani. Ana michungwa nyuma ya nyumba. Bibi alitumbukiza miguu ziwani, pale palipozungushiwa miti ya kuzuia mamba, akacheka kama msichana, na hakutaka kutoka.

Lakini nililotaka hasa kukuambia ni hili. Mke wa mwenyeji alimkatalia Mama kushika mchi. Akamkatalia kuchota maji. Basi Mama akaketi chini ya mchungwa, hana la kufanya, akaiweka mikono yake mapajani. Sijawahi kuiona imetulia, Baba. Ilikuwa ikicheza kidogo, kama inatafuta jembe. Halafu ikatulia. Akalala usingizi mchana kweupe, mdomo wazi, na hakuna aliyemwamsha.

Tulipanda mwamba sote. Maji ni pande zote kweli. Bibi alilitaja jina lako mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, kama anakuita chakulani. Sikulia pale. Nililia kwenye treni.

Sasa majirani wanakuja kumuuliza Mama habari za meli, naye anawaeleza kama mwenyeji wa Nansio. Baba Mdogo naye ameuliza, akitazama pembeni, kama chombo kile hakipinduki. Nadhani atakwenda.

Wabeja, Baba. Asante. Pumzika huko uliko, hakuna king'ora cha mgodi cha kukuamsha. Mimi nakuahidi jambo moja: maadamu niko hai, katika nyumba hii hakuna atakayeomba radhi kwa kupumzika, na wa kwanza kupumzika atakuwa Mama.

Binti yako,
Kabula