Nani Anasimamia Kompyuta Yangu?

Jumatatu, 10 Juni

Kompyuta imeingiwa na wazimu. Nimetafuta "utapiamlo" kwa ajili ya kitabu cha afya ninachokisahihisha — nikaletewa vidonge vya kupunguza tumbo. Nimetafuta "kifaduro" — majiko ya gesi, bei ya kutupa! Kila ninachouliza hupitia kwanza kwenye ukurasa mmoja wa kijani usio na mwenyewe, nao hunisukumia matangazo. Miaka thelathini na mmoja nimesahihisha prufu katika kiwanda cha uchapaji. Sijawahi kujibiwa kijinga namna hii, hata na wapanga chapa.

Mkosaji namjua. Jana mume wa binti yangu alichomeka flashi yake atuonyeshe picha za marehemu mama yake. Flashi hiyo huzunguka naye katika kila ofisi anakotengeneza viyoyozi. Jana flashi, leo ugonjwa. Nimempigia binti na kumweleza bila kuzunguka: mumeo ameniletea uchafu nyumbani. Binti akasema, "Sawa, Mama."

Sijaipenda hiyo "sawa".

Jumanne, 11 Juni

Nimekiondoa kivinjari chote na kukiweka upya. Peke yangu! Nimejisifu kidogo mbele ya Mzee wangu. Chai haijapoa, ukurasa wa kijani huo hapo, umerudi. Mzee, bila kuinua macho kwenye gazeti: "Mgeni wako alisahau kofia."

Nimemwambia ashughulike na gazeti lake.

Jumatano, 12 Juni

Leo nimekuta sentensi ya ajabu ndani ya mipangilio: "Kivinjari chako kinasimamiwa na taasisi yako." Taasisi ipi? Nimestaafu mwaka wa kumi na moja huu! Mzee anasema huenda wameniajiri upya kimyakimya. Niombe likizo kabla hawajabadili mawazo.

Binti amepiga simu. Jumapili hawaji. Mumewe halalamiki, ila tangu Jumatatu anakula kama mgonjwa. Anasema ataifuta flashi yote asije akawaambukiza na wateja wake. Nikasema hiyo ni busara.

"Na picha za mama yake?" akauliza binti. Simu iliyozipiga iliibiwa. Zimebaki hizo za kwenye flashi tu.

Nikasema usafi ni usafi.

Ijumaa, 14 Juni

Nimesalimu amri. Nimemwita Bi Stesheni, mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala pale kona. Mwanamke wa vicheko vingi, anayetafuna viambishi kama karanga, lakini mikono yake inajua kazi. Ametazama dakika mbili tu.

"Bibi, wewe unafagia ukumbi, mwizi yuko jikoni."

Amenieleza polepole. Kivinjari ni mlango tu. Ndani ya mashine kuna programu nzima imejibanza, na kila nikiondoa ukurasa wa kijani, yenyewe inaurudisha. Hata ile "taasisi" ni uongo wake. Akafungua orodha ya programu zote, akazipanga kwa tarehe zilizoingia.

"Haya, huyu Msahihishaji Bora ni nani? Kaingia Alhamisi, tarehe sita."

Alhamisi. Siku tatu kabla ya flashi. Mzee alikuwa kwa kinyozi. Nyumbani nilikuwa mimi na paka.

Nikakumbuka yote kwa mpigo. Nilikuwa nasoma makala fulani, kikasha kikajitokeza: "Ukurasa huu una makosa 38. Je, yasahihishwe?" Mtu mwingine angekifunga akaendelea na maisha yake. Lakini mimi! Makosa thelathini na manane niyapite hivihivi? Nikabonyeza Ndiyo. Kikauliza kama kinaweza kujiweka kwenye mashine. Ndiyo. Kibadili ukurasa wa kutafutia? Ndiyo. Mara tatu! Na nilisoma kila neno, kama nilivyofunzwa. Nikakuta mkato mmoja umekaa vibaya humo humo kikashani, nikazidi kuamini kwamba huduma hiyo inahitajika sana.

Bi Stesheni alicheka mpaka akavua miwani. "Kumbe umemkaribisha mwenyewe! Na kiti ukampa!"

Ameiondoa programu. Ameondoa na kijikazi fulani kilichokuwa kikiiamsha kila mashine inapowashwa. Amefuta amri za taasisi, akapitisha antivairasi mashine nzima, akanisimamia nibadili maneno ya siri, yote. Kisha nikatafuta "kifaduro". Kikaja kifaduro! Sijawahi kuufurahia ugonjwa kiasi hicho.

Mlangoni nimemuuliza, kama kwa kupitia tu, habari ya flashi. "Flashi ina kosa gani? Aipime na antivairasi, basi. Asifute kitu!"

Jumamosi, 15 Juni

Nimempigia mkwe mara mbili. Hapokei — yuko juu ya paa la benki na mashine zao. Nimeandika ujumbe. Mzee ameusoma, akanirudishia simu: "Hii ni barua ya kumhamisha mtu kituo." Nimeufuta. Wa pili alisema ni wa kumpandisha cheo. Nimeufuta pia.

Ukweli wenyewe: mashine ni safi. Wanaojua ni watatu, na mmoja wao amelipwa na kuondoka. Nikinyamaza, yatapita. Nimelifikiria hilo kutoka jikoni hadi barazani, nikarudi nalo jikoni.

Jioni, ujumbe wa binti. Wameamua kuja kesho. Mumewe hajaifuta flashi bado. Anataka kuifuta mbele ya macho yangu, roho yangu itulie.

Nimejibu: Karibuni.

"Hilo tu?" — Mzee.

Hilo tu. Jambo kama hili husemwa uso kwa uso, ndivyo adabu inavyotaka. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Jumapili, 16 Juni

Wamefika saa tano. "Shikamoo, Mama." Marahaba. Mkwe amepiga pasi shati hadi kwenye kola. Chakula kimeliwa. Nilikusudia kusema wakati wa supu. Kisha wakati wa matunda. Binti alikuwa akinitazama kama mtu anayesubiri basi lililochelewa.

Wakahamia kwenye kompyuta. Nikabaki jikoni eti nachemsha maji. Maji yalichemka mara mbili. Nikamsikia mkwe anamwambia Mzee, kwa sauti ya chini, kwamba amezitazama picha zote jana, moja moja, ili zimkae kichwani. Mzee hakujibu. Mzee ambaye hujibu kila kitu! Alikuwa ananiachia mimi.

Nikachungulia. Orodha ya picha imetiwa rangi yote, kikasha kimetokea: "Je, una uhakika?" Kidole kiko juu ya kipanya.

"Usifute!"

Sauti hiyo sikuwahi kuitoa hata kiwandani mitambo ikinguruma. Paka alitoka dirishani. Mkwe akainua mikono yote miwili juu, kama aliyekamatwa. Binti: "Mama, vipi?" Nikasema nipeni dakika mbili.

Niko chumbani. Dakika mbili zimekuwa kumi. Naandika ili nione maneno yatakavyokaa, na hayakai. Kupitia mlango binti anauliza kama nimeugua. Mzee anamjibu: "Mwache, mama yako anasahihisha."

Nyayo. Si za binti, ni nzito. Zimesimama mlangoni. Kukohoa kidogo.

"Mama, ni mimi. Kama nimekukosea tena, niambie tu."

Tena! Yeye ndiye anayeomba radhi, na amesimama huko nje, flashi bila shaka mkononi.

Nimesema ingia. Kitasa kinazunguka, na mimi bado nimeshika kalamu.