Baba Wakesho, Mama Yako Anangoja Useme

Mpendwa Baba Wakesho,

Najua umengoja barua hii mpaka umechoka kuwauliza watu wanaotoka Voi. Niwie radhi. Zako mbili ziko chini ya mto, nimezisoma mpaka karatasi imelegea. Kwanza Mwadime alishikwa na surua, alipoanza kupoa dada yake akaichukua, kisha mkono wangu wa kulia ukavimba kwa maji ya mkonge nikawa siwezi kushika hata kijiko. Hizo ni sababu za kumwambia mtu wa mbali. Wewe nitakuambia na ile nyingine: kila niliposhika kalamu niliandika maneno ambayo mke hamwandikii mumewe, nikachana. Leo hasira imepungua, na naandika kabla haijarudi.

Watoto wamepona. Wakesho ameng'oka meno ya mbele na anakataa kucheka mbele ya watu. Mwadime anatembea, yaani anakimbia na kuanguka.

Unakumbuka ulipokuwa bado wa bustani kwa yule bwana wako, hapa hapa Voi? Mpishi wake akaenda likizo, wewe ukaitwa jikoni uoshe vyombo, na jioni ukarudi nyumbani umebeba unga kidogo kwenye karatasi ukasema utajifunza mkate. Hatukuwa na jiko la kuokea. Ulitia kinyunga ndani ya sufuria, ukafunika, ukapanga makaa juu ya kifuniko, ukakaa mbele ya mafiga kama mtu anayelinda mahindi. Mimi nilikuwa na mimba ya Wakesho na kila harufu ilinichafua moyo, lakini wewe ulinikalisha pale.

"Onja, uniambie ukweli."

"Hili ni tofali."

"Tofali la namna gani, bichi au la kuchoma?"

"Nje la kuchoma, ndani bichi."

Ukacheka mpaka ukajifuta macho na ncha ya leso yangu, na kesho yake ukapika tena. Nilikula matofali yako mwezi mzima, Baba Wakesho. Niliyala kwa sababu nilijua unataka kutoka kwenye jembe uingie jikoni, na mtu hapandi cheo kama nyumbani hakuna wa kumvumilia. Ukapanda kweli. Bwana alipohamishiwa Mombasa akakuchukua uwe mpishi wake. Nilikupigia shati pasi, nikakusindikiza stesheni na tumbo la Mwadime mbele yangu. Siku ile hakuna aliyekuuliza Wakesho atabaki na nani. Mama yako hakuuliza, bwana hakuuliza, na mimi sikuuliza. Tulifurahi tu kwamba umepata.

Sasa mimi ndiye nimepata, na kila mtu anauliza.

Mambo yenyewe unayajua, lakini nitayaandika tena polepole, maana majibu yako yananionyesha uliyasoma huku unakoroga kitu jikoni. Kazi yangu ni ile ile ya kuanika mkonge. Nyuzi zinatoka kwenye mashine zimelowa na nzito, tunazibeba, tunazitandaza kwenye waya, zikikauka tunazianua, na mawingu yakionekana tunakimbia wote na watoto mgongoni. Maji yake yanawasha. Mwadime alianza kutoka vipele shingoni kwa sababu mgongo wangu haukauki. Nyapara wetu si mtu mbaya, lakini ameshasema wazi kwamba mwanamke wa kuanika ataanika mpaka azeeke, kule ndani kwenye mashine ni kwa wanaume.

Basi, wanawake wa kambi hawataki dresa, yule mfunga vidonda wa zahanati, awe pale wanapojifungua, kwa kuwa ni mwanamume. Uchungu ukiwashika wanaita wenzao. Mkamburi, yule wa nyumba ya pembeni, alishikwa mchana tukiwa kwenye waya, nami nikawa karibu. Nilimshika mpaka mama mmoja mzee akaja, nikafanya kila alilonielekeza. Tangu hapo wananiita. Sijui nina nini, labda ni kwamba sipigi kelele. Dresa akapata habari akaniita mlangoni pake.

"Mama Wakesho, unasoma?"

"Nilifika darasa la nne."

"Damu huiogopi?"

"Naiogopa, lakini mikono haijui."

Akamweleza bwana mkubwa wa shamba, naye akakubali niende kusomea ukunga katika hospitali ya kule juu milimani, halafu nirudi hapa zahanati. Nitakuwa ndani ya nyumba, mikono mikavu, kazi yenye jina. Metroni, mkuu wa wauguzi wa kule, ameniona, amenikubali. Sharti ni moja: wanafunzi wanalala hospitalini, watoto hawaruhusiwi. Nisipofika wiki ya kwanza ya mwezi ujao, nafasi anapewa msichana mmoja wa Bura ambaye hana mume wala mtoto wa kumuuliza.

Nilipanda milimani huko huko kwa mama yako siku ile ile. Nilimkuta anachambua maharagwe, nikakaa chini nikamweleza. Hakukasirika. Alinipa kimanga cha mihogo na maharagwe, akamchukua Mwadime akamweka mapajani, akasema, "Mkaza mwanangu, watoto nitawalea, sina mgongo mbovu. Lakini ni wa mwanangu. Akinena kwa kinywa chake, walete hata kesho. Asiponena nikawachukua, kijiji kizima kitasema nimemvunjia nyumba yake akiwa hayupo."

Nikamwona ana haki. Nikakuandikia useme naye.

Na wewe ukanijibu nini? "Zungumza na mama, atakalosema ni sawa." Mama akakuandikia kwa mkono wa mwalimu wa kanisa, ukamjibu, "Zungumza na mama Wakesho, atakavyopanga ni sawa." Umetutupia mpira, mimi namrudishia yeye, yeye ananirudishia mimi, na wewe umekaa Mombasa unapepewa na upepo. Hujasema hapana. Ungesema hapana ningejua pa kupiga teke.

Halafu ukatuma samaki.

Nakuuliza kwa upole, Baba Wakesho, ni nani alikushauri? Umezaliwa na mwanamke yule, umekula chunguni mwake, hujui kwamba samaki kwake ni nyoka aliyekosa njia? Mzigo ulipofika aliita majirani waushuhudie. Akasema, "Nimemuuliza mwanangu habari za watoto wake, amenijibu kwa nyoka mkavu." Wengine wakamwambia ni chakula cha pwani, kimekusudiwa kumfurahisha. Akasema kama ni furaha aile mwenyewe. Akaufunga upya kwenye gunia, akaushusha kwangu kwa basi. Kondakta alipofika Voi alitaja jina langu kwa sauti mbele ya stesheni nzima, akaniambia abiria wamekaa vichwa nje ya madirisha kutoka Wundanyi, na kwamba nisimpe mkono wa asante.

Aliyenufaika ni Mama Saidi, jirani yangu, yule wa Mboghoni. Kwao samaki si kitu kigeni. Aliwapika na nyanya, akaniletea bakuli, akanitazama nikila. "Mumeo ana mkono wa kutoa," akasema. "Mdomo ndio amesahau kuutuma." Nilicheka, kisha nikalia kidogo, naye akajifanya anatafuta chumvi.

Kuna jambo jingine sikutaka kuliandika, ila limenikaa kooni. Katika barua yako ya kwanza umesema unaogopa watoto watakosa mkono wa mama. Katika barua hiyo hiyo, upande wa pili, umenieleza kwamba yaya wa memsabu ameumwa, na wewe umemwogesha mtoto wao, umemlisha uji na kumlaza, na kwamba analala vizuri zaidi kwako. Nilifurahi kukusoma. Nilikuona kabisa, umekunja mikono ya shati, unaimba zile nyimbo zako za uongo. Lakini nikajiuliza, kama mtoto wa watu anaweza kulala mikononi mwa mpishi, kwa nini wangu asilale mikononi mwa bibi yake mzaa baba, Jumapili mama yake akija?

Siendi mbali nao kwa furaha. Mwadime bado ananitafuta kwa mkono akisinzia, na sijui nitalalaje kwenye kitanda cha hospitali bila mkono ule. Nitakwenda hata hivyo. Sitaki Wakesho akue akinijua kwa kuwashwa na kukimbia mvua tu. Na wewe sikuachi. Nakupenda kama nilivyokupenda ukiwa na unga kwenye nyusi. Nimechoka tu kukungoja ufungue mdomo.

Kwa hiyo sikiliza nilivyoamua. Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao nitapanda basi na watoto wote wawili. Neno lako likiwa limefika, vizuri. Likiwa halijafika, nitamwambia mama kwamba umekubali, nawe utakuwa na kazi ya kuja mpaka Taita kunikanusha mbele yake. Nakujua, hutakuja.

Bwana wako mpe salamu zangu, na mtoto wao pia. Jitunze na malaria. Nimekwisha kupata blanketi na sanduku la bati, usihangaike navyo. Ninavyohitaji bado ni hivi: kitambaa cheupe kizito cha kutosha magauni mawili, kile kisichoonyesha mwili; viatu vyeusi vya kufunga kamba, visivyo na kisigino, na usinunue kwa kukisia, nimechora mguu wangu nyuma ya karatasi hii; sabuni ya kipande kirefu; shati lako moja kuukuu ambalo hujalifua, Mwadime alalie; na mistari miwili kwa mama yako, iandikwe kwa jina lake, isemayo watoto wapokelewe.

Mkeo akupendaye,
Mama Wakesho